Bahasha mbili, tuzo moja

Asubuhi ya tarehe 8 Oktoba 2008, Martin Chalfie, profesa katika idara ya sayansi za biolojia ya Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alipitiwa na usingizi. Simu ililia kwa mbali, akadhani ni ya jirani. Alipoamka, saa kumi na mbili na dakika kumi, alikumbuka kwamba Tuzo ya Nobel ya Kemia ilikuwa itangazwe siku hiyo, akafungua kompyuta aone safari hii kapewa nani. Akakuta jina lake.

Kusini huko, Huntsville, jimbo la Alabama, Douglas Prasher aliipata habari hiyo hiyo redioni kabla hajatoka nyumbani. Akawapigia simu watu wa redio kuwaambia kwamba jina la mmoja wa washindi, Roger Tsien, wamelitamka vibaya. Kisha akaenda kazini. Kazi yake ilikuwa kuendesha gari la duka moja la magari, kuwarudisha makwao wateja walioacha magari yao matengenezoni na kuwafuata tena jioni.

Jeni ya protini inayong'aa kijani, ambayo Chalfie na Tsien waliitumia hadi wakafika Stockholm kupokea tuzo, ilitoka mkononi mwa dereva huyo. Aliwatumia kwa posta.

Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha dhuluma: mmoja kalima, wengine wamevuna. Ukikipitia hatua kwa hatua unaona hakuna aliyeiba kitu. Prasher alitoa kwa hiari, waliopokea walimtaja, na kamati ya tuzo ilifuata kanuni zake. Ndiyo maana kinanisumbua. Kila mmoja alifanya lililo sawa na bado tulipofikia panakera. Wengi huielekezea kidole kamati. Mimi naona kosa lilikwisha kufanyika miaka 16 kabla, katika vikao vya kawaida kabisa vya kugawa ruzuku na kuamua nani abaki kazini.

Tuanzie baharini. Mwaka 1961 Osamu Shimomura, mwanakemia Mjapani, alikwenda na mkuu wake Frank Johnson wa idara ya biolojia ya Chuo Kikuu cha Princeton hadi Friday Harbor, kituo cha utafiti wa bahari katika jimbo la Washington, kuvua konyeza. Wengine humwita yavuyavu. Ni yule kiumbe laini kama maji yaliyoganda, ambaye baadhi ya jamii zake huwasha ngozi. Waliyemtaka, Aequorea victoria, ana viungo vya nuru ukingoni mwa mwavuli wake. Kazi yenyewe ilikuwa kumchota kwa wavu, kumkata ule ukingo mwembamba, kukusanya pete hizo na kuzikamua kwenye kitambaa. Majira hayo walikamata konyeza wapatao 10,000. Njia za kawaida za kuitoa nuru zilikuwa zimegoma. Siku moja Shimomura alimwaga mabaki kwenye sinki, na sinki likawaka bluu. Maji ya bahari yaliyofurika kutoka kwenye tangi la viumbe yalikuwa yakiingia humo, na kalsiamu iliyomo ndiyo iliyowasha nuru.

Protini ya bluu waliiita ekworini. Katika makala yao ya mwaka 1962 walitaja pia, kwa kupita tu, protini nyingine iliyong'aa kijani ukiimulika kwa mwanga wa urujuanimno. Mtajo huo wa kupita ndio uliokuja kuzaa Nobel miaka 46 baadaye. Shimomura aliendelea kuvua majira hadi majira, akiwa na mkewe na watoto, na hesabu ya konyeza waliopita mikononi mwake kwa miaka yote ni kama 850,000. Jambo moja husahaulika: miaka karibu ishirini aliyokaa Princeton hakuwa profesa. Alikuwa mtafiti. Mtu aliyeileta nuru yenyewe angeweza kuhesabiwa kando ya orodha ya wahadhiri wa idara, na nadhani mara nyingi alihesabiwa hivyo.

Sasa Prasher. Alijifunza kazi ya jeni katika Chuo Kikuu cha Georgia, kwenye maabara ya Milton Cormier, ambako jeni ya ekworini ilipatikana. Kutoka hapo akaajiriwa na Taasisi ya Woods Hole ya Elimu ya Bahari, Massachusetts. Akaja na wazo ambalo leo kila mwanafunzi wa biolojia analiona la kawaida: ukiipata jeni ya ile protini ya kijani, unaweza kuiunganisha na jeni nyingine yoyote, na kila mahali jeni hiyo inapofanya kazi ndani ya kiumbe hai patawaka taa. Huna haja ya kumuua mnyama, kumkata vipande na kumtia rangi. Unamulika tu na kutazama.

Aliomba ruzuku kwa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani. Wakamnyima. Shirika la Saratani la Marekani likampa fedha za miaka miwili. Kwa fedha hizo aliisaka jeni mpaka akaipata yote, inayobeba maelekezo ya protini yenye amino asidi 238, yaani vipande vidogo vinavyoungana kuijenga protini, na makala ikatoka mwaka 1992. Lakini fedha zilikuwa zimekwisha, na swali kubwa lilikuwa halijajibiwa: je, jeni peke yake inatosha? Wataalamu wengi waliamini kwamba ili protini ing'ae, konyeza lazima awe na vimeng'enya, yaani protini nyingine za kuendesha kemia ya mwili, vya kuikamilisha. Kama ndivyo, jeni yake ingekuwa ufunguo wa mlango usiokuwepo.

Nisimame hapa kidogo, kwa sababu mtu aliyewahi kukaa kwenye kamati ya kupandisha vyeo ataitambua hali hii. Mezani kuna faili la mtu mwenye makala chache, ruzuku moja iliyokwisha, ruzuku nyingine iliyokataliwa, na wazo lisilojulikana kama litafanya kazi. Yuko kwenye taasisi ya bahari, ambako wa kuelewa mambo ya jeni si wengi. Kamati haiulizi wazo ni zuri kiasi gani. Inauliza mtu huyu ataweza kujiendesha. Mchakato wa ajira yake ya kudumu ulikuwa umeanza. Prasher alipima upepo, akaamua kuondoka kabla haujafika mwisho, akatafuta kazi serikalini, kwenye Idara ya Kilimo, kuchunguza wadudu waharibifu.

Kabla hajafunga maabara, watu wawili walikuwa wamemwomba ile jeni. Mmoja ni Chalfie. Mwingine ni Roger Tsien wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Angeweza kuikalia. Wako wanaokalia. Miaka inapita, sampuli zinalala kwenye jokofu na mwenye nazo anasema bado anafikiria. Yeye aliweka DNA kwenye bahasha mbili, akazituma, na kitu pekee alichowaomba ni wamtaje kama kazi ingefaulu.

Chalfie alikuwa amesikia habari za protini ya kijani kwa mara ya kwanza tarehe 25 Aprili 1989, kwenye semina ya mchana pale pale idarani. Msemaji, Paul Brehm, alikuwa akieleza viumbe wanaotoa nuru. Chalfie anachunguza C. elegans, mnyoo wa urefu wa milimita moja hivi, na mnyoo huyo mwili wake unapitisha mwanga. Anasema baada ya kusikia habari hiyo hakusikia tena chochote kilichosemwa, kwa kuwa kichwani alikuwa tayari anawaona minyoo wake wakiwaka. Akamtafuta Prasher kwa simu, wakakubaliana. Kisha wakapoteana. Prasher alipoipata jeni, Chalfie alikuwa Utah kwenye mwaka wake wa likizo ya utafiti, simu hazikukutana, na kila mmoja akadhani mwenzake ameacha.

Aliyeufufua mradi ni mwanafunzi. Ghia Euskirchen aliingia maabara ya Chalfie mwaka 1992 kwa zamu, zile wiki chache ambazo mwanafunzi wa uzamivu huonja maabara kadhaa kabla ya kuchagua atakapokaa. Walipotafuta kwenye hifadhidata ya makala walikuta ile ya Prasher imeshatoka, wakampigia, bahasha ikaja. Maabara nyingine zilizojaribu jeni hiyo zilishindwa, na sababu inaonekana ndogo mno ukiisikia: ziliibeba jeni pamoja na vipande vya ziada vya DNA vilivyoning'inia pande zote mbili. Euskirchen alinakili ile sehemu inayosoma protini tu, toka herufi ya kwanza hadi ya mwisho, akaiingiza kwenye bakteria wa E. coli. Hadubini ya maabara ya Chalfie ilikuwa dhaifu kwa kazi hiyo. Akachukua bakteria wake, akaenda kwenye maabara ya uhandisi wa kemia aliyokuwa akifanyia kazi zamani, akatazama. Walikuwa kijani.

Kwa kijani hicho swali la Prasher lilijibiwa. Jeni inatosha. Protini inajikunja yenyewe, amino asidi tatu za katikati yake zinafungana na kuwa kiini cha rangi, na kinachohitajika kutoka nje ni oksijeni tu. Zilizofuata zilikuwa seli za neva za mnyoo, zile zinazohisi mguso, zikiwaka ndani ya mnyoo aliye hai.

Makala ilitoka kwenye jarida la Science mwezi Februari 1994, ikiwa na majina matano: Chalfie, Tu, Euskirchen, Ward, Prasher. Asiyefanya kazi ya biolojia anaweza kuona Prasher amewekwa mkiani. Sivyo. Katika biolojia jina la mwisho kwa kawaida ni kiti cha mkubwa, cha mwenye maabara au mwenye chimbuko la kazi. Kwenye karatasi, basi, heshima ilitolewa, tena mahali pake. Shida ni kwamba wanaosoma orodha za tuzo hawasomi mpangilio wa majina.

Kuna kichekesho kidogo ndani ya hadithi hii kinachoonyesha jinsi sifa inavyouzwa na kununuliwa hata ndani ya nyumba. Chalfie alitaka kutaja matokeo ambayo hayajachapishwa ya mkewe, Tulle Hazelrigg, naye mwanabiolojia. Mke alimpa ruhusa kwa maandishi, na masharti: amtengenezee kahawa iwe tayari saa mbili na nusu kila Jumamosi asubuhi kwa miezi miwili, ampikie chakula maalumu cha Kifaransa, na atoe takataka kila usiku kwa mwezi mmoja. Ni mzaha wa mtu na mkewe. Ila Hazelrigg alijua kitu ambacho Prasher hakukipigania: kabla hujampa mwenzako chako, mwandikiane.

Tsien naye hakulala. Mwaka 1995 maabara yake ilitoa umbo la protini lililobadilishwa amino asidi moja, ya 65, likang'aa vizuri zaidi. Baadaye wakatoa rangi nyingine, bluu na njano, na kwa kutumia protini nyekundu ya jamii ya matumbawe iliyogunduliwa na kundi la Sergey Lukyanov la Moscow mwaka 1999, wakatengeneza msururu mzima wa rangi nyekundu na za machungwa. Ikawezekana kuona seli moja ikiwa na protini tatu, kila moja na taa yake.

Ndipo tunafika kwa kamati. Kanuni za Nobel zinasema tuzo moja haigawanywi kwa zaidi ya watu watatu. Kamati ilikuwa na aliyeigundua protini, aliyeonyesha kwamba inafaa kuwa chombo cha kazi, na aliyekipanua chombo hicho. Shimomura, Chalfie, Tsien, kila mmoja theluthi ya kronor milioni 10 za Uswidi. Prasher yuko katikati ya wa kwanza na wa pili. Bila yeye hakuna wa pili, na huenda wa tatu angechelewa sana. Chalfie mwenyewe alisema hadharani kwamba wangeweza kabisa kumpa tuzo Prasher na wale wawili, wakamwacha yeye.

Utetezi wa kamati unaeleweka. Kufikia miaka ya 1990 kutenga jeni kulikuwa kumehesabiwa ufundi, na tuzo hutafuta ugunduzi. Nakubali nusu. Ufundi wa Prasher ulikuwa na wazo ndani yake, na wazo hilo lilikuwa lile lile lililokuja kutuzwa: taa ya kuifuata jeni ndani ya kiumbe hai. Limo kwenye maombi yake ya fedha, miaka kadhaa kabla ya makala ya Science. Lakini maombi ya ruzuku yaliyokataliwa si chapisho. Hayanukuliwi, hayahesabiwi, na kamati ya tuzo haipewi iyasome. Wazo lililonyimwa fedha huwa halijawahi kuwepo.

Niliwahi kukusanya orodha ya mafanikio ya wahadhiri kwa ajili ya taarifa ya mwaka ya idara. Fomu ina safu za tuzo, ruzuku, machapisho, wanafunzi waliohitimu, mihadhara ya kualikwa. Unajaza, unajumlisha, unapanga kwa herufi. Hakuna safu ya ulichompa mwenzako. Hakuna safu ya aliyeondoka. Mhadhiri akihama au mkataba ukiisha, jina linafutwa na kazi yake inaondoka naye kwenye hesabu, hata kama nusu ya maabara za jengo bado zinatumia mirija aliyoiacha kwenye jokofu. Orodha inaonyesha waliobaki. Tukiisoma kana kwamba inaonyesha waliofanya, tumejidanganya wenyewe, na wanaotoa tuzo za juu zaidi huanza kazi yao kwa orodha kama hizo, maana anayependekezwa ni yule anayeonekana.

Aliyeieleza hali hii vizuri alikuwa Columbia pia. Robert Merton, mwanasosholojia, aliandika mwaka 1968 kuhusu alichokiita athari ya Mathayo, akikumbuka ule mstari wa Injili kwamba mwenye nacho ataongezewa na asiye nacho atanyang'anywa hata alicho nacho. Mwanasayansi mwenye jina akishirikiana na asiye na jina, sifa humwendea mwenye jina. Na sifa huleta fedha, fedha huleta kazi, kazi huleta sifa. Na makala hiyo yenyewe ilitegemea kwa kiasi kikubwa mahojiano ambayo Harriet Zuckerman alifanya na washindi wa Nobel. Ilitoka kwa jina la Merton peke yake. Baadaye Merton alikiri kwamba ilistahili majina mawili. Ukitaka ushahidi wa nadharia, huo hapo, kwenye ukurasa wa kwanza.

Chuo hicho hicho kilikuwa na mfano mwingine, wa zamani zaidi. Thomas Hunt Morgan alifanya kazi ya nzi wa matunda katika idara ya zoolojia ya Columbia, kwenye chumba kidogo kilichojaa chupa za maziwa, kila chupa na nzi wake. Ramani ya kwanza ya jeni kwenye kromosomu, iliyochapishwa mwaka 1913, ilichorwa na Alfred Sturtevant, aliyeianza akiwa bado mwanafunzi wa shahada ya kwanza. Calvin Bridges alianza humo kwa kuosha chupa. Nobel ya mwaka 1933 alipewa Morgan peke yake. Fedha aligawana na Sturtevant na Bridges, kwa ajili ya elimu ya watoto wao na wake. Hakuweza kugawa jina, akagawa hundi.

Ndiyo maana sipendi kumlaumu Chalfie. Alipewa heshima ambayo hakuwa na uwezo wa kuikata vipande, akafanya kilichobaki. Yeye na Tsien walimlipia Prasher na mkewe nauli na hoteli, wakawa nao Stockholm Desemba ile. Wakamshukuru kwenye hotuba zao. Prasher kwa upande wake hakulalamika. Aliwaambia waandishi wa habari kwamba waliostahili wamepata. Tunaolalamika ni sisi wasomaji, na nadhani tunalalamika kwa sababu tumezoea kuamini kwamba tuzo ni mizani. Aliyetoa bahasha alijua kuliko sisi kwamba si mizani: alikuwa ameshaona faili lake likipimwa.

Yanayofaa kuulizwa kwenye idara ya biolojia ni madogo kuliko Nobel. Mhadhiri kijana aliye peke yake kwenye fani yake, nani anasoma maombi yake kabla hayajatumwa? Ruzuku ya miaka miwili ikiisha mwaka mmoja kabla ya jibu kupatikana, idara ina fungu lolote la kumvusha? Prasher alikosa kuvushwa. Tangu makala ya jeni itoke hadi Euskirchen aone kijani ulipita muda usiofika mwaka. Mwaka mmoja ndio uliotenganisha usukani na kiti cha profesa, ingawa nakiri kwamba hata kwa mwaka huo huenda angeshindwa. Maabara nyingine zilikuwa na jeni hiyo hiyo na zikashindwa.

Baada ya Stockholm alirudi Huntsville kwenye gari lake. Kazi ya sayansi aliipata tena mwaka 2010, kwenye kampuni moja huko huko. Tsien alikuwa amemwambia zaidi ya mara moja kwamba kuna nafasi San Diego, na mwaka 2012 Prasher alikubali. Alifanya kazi hapo hadi mwaka 2015, mtafiti ndani ya maabara ya Tsien, kwenye maabara ile ile iliyokuwa imepokea bahasha yake ya pili.